Sabato Ndani ya Pango

SABATO MCHANA

Kwa mafunzo ya juma hili, soma: Danieli 8:3-14, 20-26, Danieli 3:16-18, Mathayo 12:9-13, Mathayo 24:15-20, Yohana 10:22-39, Yohana 12:12-15, Waebrania 11:32-40.

Fungu la kukariri: Waebrania 11:38. Lifungue katika Biblia yako, lisome kwa sauti mara tatu, kisha ulifunike na kujaribu kulisema.

Katika Biblia nyingi za Kiswahili, kati ya Malaki na Mathayo kuna karatasi moja nyeupe. Mkono huigeuza upesi, na msomaji hujikuta Bethlehemu. Lakini karatasi hiyo imebeba miaka kama 400, na ndani yake limo jambo ambalo kila mtunza Sabato angepaswa kulijua. Mwaka 167 K.K. mfalme wa Kiyunani aliyetawala kutoka Antiokia alitoa amri iliyofanya utunzaji wa Sabato kuwa kosa la kufa. Siku moja ya Sabato, watu wapatao elfu moja, wanaume kwa wanawake na watoto, waliuawa mapangoni kwa sababu hawakukubali kuivunja.

Mshiriki wa Nangara hujiandaa Ijumaa bila hofu. Maji yamechotwa, nguo zimepigwa pasi, chakula kimepikwa kabla jua halijazama, na hakuna askari anayebisha hodi. Ndiyo sababu habari hii inafaa kusomwa wakati huu, wakati bado kuna utulivu wa kufikiri.

Habari yenyewe inapatikana hasa katika vitabu viwili vya Wamakabayo. Ndugu zetu Wakatoliki wanavyo ndani ya Biblia zao. Waadventista hawavihesabu kuwa Maandiko yaliyovuviwa, wala hawajengi fundisho juu yake. Hata hivyo kitabu cha kwanza ni historia ya kutegemewa, na juma hili kitasomwa hivyo.

JUMAPILI
Mlango uliofunguliwa kutoka ndani

Soma Danieli 8:5-8, 20-22. Malaika anamtaja mfalme gani, na pembe iliyovunjika inafuatwa na nini?

Aleksanda Mkuu alikufa Babeli mwaka 323 K.K. akiwa na umri wa miaka 32. Majemadari wake waliugombania ufalme mpaka ukagawanyika. Yudea, nchi ndogo iliyo njiani kati ya Misri na Shamu, ilikaa karibu karne nzima chini ya akina Ptolemi wa Misri. Karibu na mwaka 200 K.K. Antioko wa Tatu, wa ukoo wa Seleuko, aliwashinda Wamisri pale Panio, karibu na chemchemi za Yordani. Mfalme huyu hakuwasumbua Wayahudi. Aliwapa ruhusa ya kuishi kwa sheria ya baba zao.

Shida ilianza na deni. Antioko wa Tatu alipigana na Rumi akashindwa, na kwa mkataba wa mwaka 188 K.K. alibebeshwa fidia ya talanta 15,000 za fedha. Mfalme mwenye deni hutazama hazina ziliko, na siku zile hazina zilikaa mahekaluni. Yeye mwenyewe aliuawa mwaka uliofuata akijaribu kupora hekalu kule Elamu. Mwanawe Seleuko wa Nne alituma mtu kuichunguza hazina ya hekalu la Yerusalemu, na mwaka 175 K.K. akauawa na waziri wake mwenyewe. Ndipo ndugu yake, Antioko wa Nne, aliyewahi kuishi Rumi kama mateka, akaunyakua ufalme uliopaswa kwenda kwa mtoto wa marehemu. Alijiita Epifane, yaani mungu aliyedhihirishwa.

Msomaji asiharakishe kumlaumu mgeni huyo. Yerusalemu alikuwapo kuhani mkuu mcha Mungu aitwaye Onia. Ndugu yake wa tumbo moja, Yasoni, alimwendea mfalme mpya na kumwahidi talanta 440 ili apewe yeye ukuhani. Akaongeza nyingine 150 aruhusiwe kujenga uwanja wa mazoezi wa Kiyunani, mahali ambapo vijana walicheza uchi na wengine wakatafuta njia ya kuficha tohara yao. Makuhani wakawa wanaharakisha kazi ya madhabahuni ili wawahi michezo. Miaka mitatu baadaye Yasoni alimtuma mtu aitwaye Menelao kupeleka fedha kwa mfalme. Menelao alipofika akaahidi talanta 300 zaidi, akarudi na ukuhani akiwa nao yeye. Onia alipomkemea Menelao kwa kuiba vyombo vya hekalu, aliuawa kwa hila.

Kwa hiyo kabla Antioko hajaingia hekaluni, Wayahudi wenyewe walikuwa wamekwisha kuupeleka ukuhani mnadani.

Je, katika kanisa mahalia, uongozi unaweza kununuliwa kwa njia gani ambazo hazionekani kama fedha?

JUMATATU
Je, Antioko ndiye pembe ndogo?

Soma Danieli 8:9-14, 23-26. Linganisha na Mathayo 24:15.

Katika karne ya tatu baada ya Kristo, mwanafalsafa mpagani aitwaye Porphyry alidai kwamba kitabu cha Danieli kiliandikwa siku za Antioko, na kwamba pembe ndogo ni mfalme huyo basi. Wasomi wengi bado wanafundisha hivyo, na kijana wa Kiadventista anayesoma theolojia chuo chochote atakutana na hoja hiyo. Asiogope.

Angalia ngazi ya ukubwa katika sura yenyewe. Kondoo dume ni mkubwa, beberu anamzidi, na pembe ndogo inapita wote wawili. Antioko hakumpita Koreshi wala Aleksanda. Mwaka 168 K.K. alikuwa karibu kuuteka mji wa Aleksandria alipokutana na mjumbe wa Rumi, Popillius Laenas. Mzee huyo alimkabidhi amri ya baraza la Rumi kwamba aondoke Misri. Antioko alipoomba muda wa kushauriana, mjumbe alichora kwa fimbo duara mchangani kumzunguka, akamtaka ajibu kabla ya kutoka humo. Mfalme akatii. Mtu anayewekewa mpaka kwa fimbo na mjumbe asiye na jeshi si pembe iliyokua hata kulifikia jeshi la mbinguni. Zaidi ya hayo, malaika alisema maono hayo yanahusu wakati wa mwisho. Na Yesu, zaidi ya miaka 190 baada ya Antioko, alilitaja chukizo la Danieli kuwa jambo ambalo bado linakuja.

Antioko basi anaonyesha mapema sura ya mamlaka inayojiweka mahali pa Mungu na kugusa sheria yake. Utimilifu wa unabii unatafutwa kwa Rumi, ile ya kipagani na ile ya kidini.

JUMANNE
Siku ya saba ilipokuwa kosa

Soma Waebrania 11:35-38. Ni watu gani wanaokuja akilini unaposoma juu ya mapango?

Antioko aliaibishwa Misri, na ghadhabu yake akaimwaga Yerusalemu. Jemadari wake Apolonio alifika na jeshi akijifanya amekuja kwa amani. Akangoja mpaka Sabato, watu walipokuwa wamepumzika, akawaangukia kwa upanga. Kisha ikatoka amri: sadaka za hekalu zikome, Sabato na sikukuu zisitunzwe, atakayemtahiri mwanawe auawe. Gombo la torati likionekana lichanwe na kuchomwa moto. Katika mwezi wa Kislevu madhabahu ya kipagani ilisimamishwa juu ya madhabahu ya Bwana, na tarehe 25 wakaanza kutoa sadaka juu yake.

Kijijini Modini, afisa wa mfalme alimtaka kuhani mzee Matathia awe wa kwanza kutoa sadaka. Alikataa. Myahudi mwingine alipojitokeza kutii, Matathia alimwua pale pale madhabahuni, akamwua na afisa, akakimbilia milimani na wanawe watano.

Wengine walishuka nyikani na familia zao na mifugo yao, wakajificha mapangoni. Askari waliwafuata, wakapanga vita siku ya Sabato, lakini kwanza wakawapa nafasi: tokeni, fanyeni alivyoamuru mfalme, nanyi mtaishi. Wale watu wakajibu kwamba hawatatoka wala hawatainajisi Sabato. Hawakurusha jiwe hata moja. Hawakuziba hata midomo ya mapango, kwa maana kubeba mawe kulikuwa kazi. Wakafa wote, watu wapatao elfu moja pamoja na mifugo yao.

Matathia na wenzake walipopata habari waliomboleza sana. Wakasemezana kwamba wote wakifanya hivyo, taifa litafutika. Siku ile wakaamua kuwa mtu akiwashambulia siku ya Sabato, watajitetea.

Nani alikuwa sahihi? Swali hili linastahili kukaa katikati ya darasa bila kusukumwa kando. Wale elfu moja walimpenda Mungu kuliko uhai wao, na mwandishi wa Waebrania hana neno la kuwalaumu walio kama wao. Lakini pia ni kweli kwamba walifundishwa Sabato ambayo ndani yake kuziba mlango ili mtoto asiuawe ni dhambi. Soma Mathayo 12:9-13. Yesu anauliza habari za kondoo aliyetumbukia shimoni, na anajua kwamba kila mfugaji aliye mbele yake angemtoa. Mfugaji wa Babati naye angemtoa. Na mtu ana thamani kuliko kondoo.

Sasa soma Mathayo 24:16-20. Hapa Yesu anatoa shauri ambalo halikuwa la pangoni wala la Matathia. Hasemi wakae wafe, wala hasemi washike upanga. Anasema wakimbie, tena waombe kukimbia huko kusiangukie Sabato. Alijua wanafunzi wake wangekuwa bado wanaitunza Sabato mji utakapozingirwa miaka kama 40 baadaye, na alijali Sabato yao na miguu yao pia. Mapokeo ya kanisa la kale husema Wakristo wa Yerusalemu waliondoka mapema wakaenda Pela, ng'ambo ya Yordani.

JUMATANO
Hirizi chini ya kanzu

Soma Danieli 3:16-18. Vijana watatu walikuwa na uhakika wa jambo gani, na hawakuwa na uhakika wa jambo gani?

Matathia alipokufa, mwanawe Yuda, aliyeitwa Makabayo, alichukua uongozi. Kwa jeshi dogo alishinda vita ambavyo hakuna aliyetarajia angeshinda. Lakini kitabu cha pili cha Wamakabayo, sura ya 12, kina habari ambayo wengi huiruka. Baada ya pigano moja, watu wa Yuda walitunza Sabato pale Adulamu, na siku iliyofuata wakaenda kuzika wenzao. Chini ya kanzu ya kila aliyekufa wakakuta hirizi za sanamu za Yamnia. Watu waliokufa wakiitetea torati walikuwa wamevaa mwilini kile torati inachokataza. (Mchango wa fedha ambao Yuda aliukusanya kwa ajili ya hao wafu umetumiwa na wengine kutetea sala za wafu. Mhubiri 9:5 inatosha kujibu hilo, nalo si somo la leo.)

Tanzania inalo tukio linalosaidia kuielewa hirizi hiyo. Mwezi Julai 1905, kule Nandete katika nchi ya Wamatumbi, wakulima waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Sababu zao zilikuwa za haki: kodi, kazi ya shuruti, viboko vya maakida. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amewapa maji ya dawa na neno kwamba risasi za Wadachi zitageuka kuwa maji. Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti, lakini vita vikaenea bila yeye. Tarehe 30 Agosti maelfu waliikabili ngome ya Mahenge wakiamini dawa hiyo, nao wakaangushwa na bunduki za rashasha. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi wa Wangoni walinyongwa Songea. Kisha jeshi likachoma vyakula, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Wanahistoria hutaja vifo kuanzia 75,000 hadi 300,000. Taifa huwakumbuka kila mwaka pale Songea, na linafanya vema. Waliunganisha makabila ambayo hayakuwahi kuungana, na madai yao yalikuwa ya kweli.

Lakini tofauti iliyopo kati yao na wale wa pangoni ni ya maana sana kwa imani. Aliyenyunyiziwa maji aliahidiwa kwamba risasi haitamwingia. Yule wa pangoni hakuahidiwa kitu cha namna hiyo. Alijua upanga utakata, akabaki na Mungu wake.

Hirizi haijaondoka. Nangara, kama mahali pengine, inaonekana kiunoni mwa mtoto mchanga, nyuma ya mlango wa duka, chini ya kiti cha bodaboda, na wakati mwingine mwenye nayo ni mtu aliyesoma lesoni hii asubuhi. Hilo linajulikana na wachungaji wanalikemea. Lipo jingine lisilokemewa. Sabato yenyewe inaweza kugeuzwa kuwa hirizi. Mtu anaitunza ili basi lisipinduke, anatoa zaka ili mahindi yasiliwe na viwavi, na mwaka wa ukame anajiona amedhulumiwa. Vijana wa Babeli walisema Mungu wao anaweza kuwaokoa, kisha wakaeleza watakachofanya iwapo hatawaokoa. Hirizi haina nafasi ya sehemu hiyo ya pili.

Ni lini mara ya mwisho ulipomtii Mungu na mambo yakawa mabaya zaidi? Ulimwambia nini?

ALHAMISI
Miaka 101 baada ya ushindi

Soma Yohana 10:22-39.

Tarehe 25 Kislevu mwaka 164 K.K. Yuda aliitakasa hekalu. Madhabahu mpya ilijengwa, taa ziliwashwa, watu wakafurahi siku nane, na hiyo ndiyo asili ya sikukuu ya Kutabaruku. Hakuna haja ya kuidharau furaha hiyo. Kama ibada ya hekalu ingezimwa kabisa, Mariamu angempeleka mtoto wake wapi siku ya kutakaswa?

Yaliyofuata yanasikitisha. Yuda alifia vitani mwaka 160 K.K. Mwaka 152 ndugu yake Yonathani alivaa joho la kuhani mkuu, alilopewa na mtu aliyekuwa akiwania kiti cha Antioko na kuhitaji askari. Ukuhani ulipokewa tena kutoka mkono wa mfalme wa Kiyunani, kama siku za Yasoni. Mjukuu wa Matathia, Yohana Hirkano, aliteketeza hekalu la Wasamaria kule Gerizimu, na mwanamke wa kisimani bado alikuwa na uchungu wa mlima ule alipozungumza na Yesu. Hirkano huyo aliwashinda Waidumea akawalazimisha kutahiriwa au kuhama. Wazee wao waliuawa kwa kukataa kuacha tohara, nao sasa wakawatahiri wengine kwa nguvu. Mwanawe, Aleksanda Yanai, aliwasulubisha Wayahudi wenzake 800 Yerusalemu huku yeye akila karamu.

Mwishowe ndugu wawili wa ukoo huo waligombania utawala, na kila mmoja akamwita Pompey wa Rumi amsaidie. Mwaka 63 K.K. Pompey aliizingira hekalu miezi mitatu. Mwanahistoria Josephus anaeleza kwamba Warumi walitambua Wayahudi hupigana siku ya Sabato wakishambuliwa tu. Basi kila Sabato hawakurusha mshale, walijenga tuta lao la kubomolea ukuta, na hakuna aliyewazuia. Uamuzi uliofanywa kwa machozi baada ya kifo cha wale elfu moja haukuweza kuulinda mji. Pompey akaingia hadi Patakatifu pa Patakatifu. Na kutoka kwa wale Waidumea waliotahiriwa kwa nguvu akatokea Herode, yule wa Mathayo 2.

Historia hiyo yote ilikuwa vichwani mwa watu wakati wa baridi ule Yesu alipotembea katika ukumbi wa Sulemani. Sikukuu ilikuwa ile ya Yuda Makabayo, na swali lao lilikuwa kama yeye ndiye. Aliwajibu kwa habari ya kondoo ambao hakuna awezaye kuwapokonya mkononi mwake. Wakaokota mawe. Miezi michache baadaye, katika Yohana 12:12-15, umati ulitoka na matawi ya mitende, kama walivyobeba mababu zao Simoni, ndugu wa Yuda, alipoitwaa ngome ya Yerusalemu mwaka 141 K.K. Yesu akapanda mwana-punda.

Patakatifu ambapo Danieli 8:14 inapataja hapakutakaswa na Yuda. Waebrania 9:11-12, 23-24 inaonyesha palipo na anayehudumu humo.

IJUMAA
Jifunze zaidi

Soma Ellen G. White, Tumaini la Vizazi Vyote, sura ya 2 na ya 3, juu ya hali ya Wayahudi kabla ya kuja kwa Kristo.

Katika siku za Antioko alikuwapo pia mwandishi wa torati aitwaye Eleazari, mzee wa miaka 90. Walipotaka kumlisha nyama ya nguruwe, wasimamizi waliomfahamu tangu zamani walimwita kando. Walimshauri alete nyama yake mwenyewe iliyo halali, aile mbele za watu kana kwamba ni ile ya mfalme. Alikataa. Alisema vijana wangedhani Eleazari amegeuka uzeeni, nao wangepotea kwa ajili ya siku chache alizobakiza. Akafa chini ya mapigo.

Katika Afrika Mashariki ya leo, kesi za Sabato hufika mahakamani. Wanafunzi Waadventista wa Chuo Kikuu cha Makerere walipinga kupangiwa masomo na mitihani siku ya Sabato. Mahakama ya Katiba ya Uganda iliwakatalia mwaka 2003, na Mahakama ya Juu ikaitupa rufaa yao mwaka 2006. Nchini Kenya, mwaka 2017, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba shule zizingatie Sabato ya wanafunzi Waadventista. Hukumu mbili tofauti, kwa watu wa imani moja.

Maswali ya kujadili:

1. Wale elfu moja na Matathia: kama darasa lenu lingekuwa pangoni, mngeamua nini, na kwa fungu gani? Wasikilizeni kwanza walio na watoto wadogo.

2. Wanafunzi wa Makerere walishindwa mahakamani. Je, walipoteza nini, na ni nini ambacho hakikupotea?

3. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi wa mazingira. Mshiriki wa Nangara anaweza kumwendea mtendaji wa mtaa mapema na kuomba afanye sehemu yake Ijumaa au Jumapili. Wengine hufunga mlango tu na kwenda kanisani, mtaro ukabaki mchafu. Majirani wanajifunza nini kuhusu Sabato kwa njia hizi mbili?

4. Eleazari alipewa njia ya kujifanya. Taja kujifanya kumoja ambako mtu wa umri wako, hapa Babati, anaweza kushauriwa na rafiki wa kweli anayemtakia mema. Utamjibuje rafiki huyo bila kuuvunja urafiki?